Kraken: kabla ya kuwa adui wa mezani, alikuwa habari ya wavuvi



Jumamosi iliyopita rafiki alinikaribisha kutazama mchezo wa Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua: watu wanaizunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanakuwa mashujaa, na dado ndizo zinazoamua nani apone. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Usiku ule mashujaa walikutana na kraken, dubwana la baharini lenye mikono ya kuvunja merikebu. Hakupona hata mmoja. Mimi nikarudi nyumbani na swali la kiuandishi: habari hii nani aliileta?

Waliileta wavuvi wa Norway. Erik Pontoppidan, askofu wa Bergen, aliandika maelezo yao katika kitabu kilichotoka 1752 na 1753. Walimwambia hivi: ukipima kina mahali unapopajua, ukakuta kimepungua, kraken yuko chini yako. Samaki hapo ni tele. Lakini kina kikizidi kupungua, shika makasia uondoke, maana anapanda. Kwa wavuvi wale, basi, kraken alikuwa neema yenye hatari. Tatizo ni ukubwa: eti mzingo wake ulipita kilomita 2! Wasomi wakacheka.

Mwaka 1857 Japetus Steenstrup wa Denmark alichunguza mdomo, mfano wa mdomo wa kasuku, wa mnyama aliyetupwa ufukweni. Akampa jina Architeuthis. Alikuwa ngisi, ila ngisi wa ajabu. Wengi leo wanaamini ndiye aliyezaa hadithi za kraken.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Novemba 1861 meli ya kivita ya Ufaransa, Alecton, ilimkuta mmoja karibu na Tenerife. Mabaharia walimpiga risasi, wakamtia kamba, mwili ukakatika, wakabaki na kipande cha mkia. Bado wapo waliowaona waongo. Ni mwaka 1873, huko Newfoundland, wavuvi walipokata mkono wa mnyama huyo na mchungaji Moses Harvey akaupata, ndipo wabishi walipoanza kunyamaza. Picha za kwanza za ngisi huyu akiwa hai kilindini zilipigwa na Wajapani mwaka 2004. Mkubwa hufikia kama mita 12.

Kwa hiyo wavuvi walitia chumvi kwenye kipimo, lakini mnyama alikuwepo. Wasomi walichukua zaidi ya miaka 100 kukubali.

Hilo limenichoma. Kwenye daftari langu yapo maelezo ya mzee mmoja mvuvi niliyoyafuta kwenye habari, kwa kuwa hakuna mtaalamu aliyeyathibitisha. Kesho narudi kwake. Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho, chumvi nitaipima baadaye.