Kompyuta Nyingi, Kibaba Kimoja

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tunaitumia kila siku kuhimizana kuchanga, lakini ni wachache wanaouliza: kibaba cha nani? Kama muuzaji ana kibaba chake na mnunuzi ana chake, haba na haba haitajaza kitu ila ugomvi. Juma hili nataka tuzungumze juu ya wataalamu waliotaka kuzichanga kompyuta za dunia, wakaona kwamba kazi ngumu si kuchanga bali ni kukubaliana juu ya kibaba, na kukitangaza kibaba hicho kwa watu wote.

Wazo lenyewe ni rahisi. Hapa Tanzania tunaijua gridi ya taifa: anayewasha taa Mwanza hana haja ya kujua kama umeme wake umetoka Kidatu au Mtera. Wataalamu wa Marekani walilichukua jina la gridi kutoka kwenye umeme huohuo. Walitaka mtafiti mwenye hesabu kubwa aichomeke ukutani kama tunavyochomeka pasi, nayo ifanywe na kompyuta yoyote yenye nafasi, hata kama iko ng'ambo. Mwaka 1995, katika mkutano wa kompyuta kubwa huko San Diego, vituo 17 viliunganishwa kwa majaribio. Mwaka 1998 Ian Foster na Carl Kesselman walihariri kitabu kilicholieneza jina la gridi, na programu yao iliyoitwa Globus ikaingia katika vyuo na maabara nyingi.

Hapo ndipo suala la kibaba lilipojitokeza. Kila kituo kilikuwa na namna yake ya kumtambua mtumiaji, ya kupanga foleni ya kazi na ya kusafirisha data. Sisi tunalifahamu tatizo hili kwa njia ya reli. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina milimita 1,067 ili ioane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja, lakini yatosha kulizuia behewa lisivuke, na mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya.

Ili kuondoa adha ya namna hiyo, jukwaa la dunia nzima lililoitwa Global Grid Forum lilifanya mkutano wake wa kwanza mjini Amsterdam mwaka 2001. Mwezi Februari 2002, huko Toronto, iliwekwa mezani ramani ya viwango iliyopewa jina la OGSA. Mwaka 2003 vikatoka viwango kamili vya kuanzia kazi, OGSI. Januari 2004, kabla wino haujakauka, ukatangazwa mpango wa kuviweka kando na kuleta vingine, WSRF. Waliokwisha kuandika programu zao kwa kufuata viwango vya 2003 wakatakiwa kuzigeuza upya. Sababu mojawapo ni kwamba watu wa huduma za intaneti, ambao gridi ilitaka kutumia zana zao, waliviona viwango vile kuwa vizito mno na visivyooana na zana hizo.

Kwa maoni yangu, funzo liko hapo. Pingamizi lilikuwa la haki, lakini lilipata nguvu baada ya nyumba kuezekwa. Ndiyo maana nayapa uzito matangazo ya wazi ya mikutano ya viwango. Si jambo geni. Mwezi Machi 1992, katika mji huohuo wa San Diego, sauti za mkutano wa wahandisi wa intaneti zilirushwa kwa intaneti yenyewe hadi vituo 20 katika mabara matatu. Tangu siku ile mlango ulikuwa umefunguliwa.

Lakini kufungua mlango si kukaribisha. Mwenye kupanga matangazo ya kuwaeleza watu viwango vya gridi hana budi kuanza na saa. Akianza saa nne asubuhi kule Chicago wakati wa baridi, London ni saa kumi jioni, Dar es Salaam ni saa moja usiku, na Tokyo watu wamelala, ni saa saba usiku. Halafu aitazame njia. Kabla ya Julai 2009, nyaya za SEACOM zilipofika pwani yetu, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa. Picha za video zisingefika bila kukwama, lakini sauti peke yake, pamoja na maandishi yaliyotumwa mapema, ingekuwa na nafasi.

La tatu ni lugha. Mimi ni mtu wa redio, najua msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Ukimmwagia vifupisho vitano kwa sentensi moja umemfukuza. Anachotaka kujua ni hiki: nini kitabadilika katika kazi yangu, lini, na pingamizi langu nilipeleke wapi? Nusu ya saa iwe ya maswali yake.

Gridi haikushindwa. Tarehe 4 Julai 2012 maabara ya CERN, karibu na Geneva, ilipotangaza kuonekana kwa chembe mpya iliyotafutwa kwa jina la Higgs, data zake zilikuwa zimechambuliwa katika vituo vingi vya nchi mbalimbali kwa njia ya gridi. Leo mtandao huo una vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. Lakini nje ya maabara, wengi wetu sasa hukodi kompyuta za makampuni makubwa, na kila kampuni ina kibaba chake. Aliyehifadhi mali yake kwa mmoja huona taabu kuihamishia kwa mwingine.

Kibaba kisichopatanwa hadharani huishia kuwa cha mwenye duka. Basi viwango vinapotangazwa, tusikilize, tuulize, tukatae panapostahili kukataa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.