Kanda iliyotangulia kitabu

Tarehe 30 Oktoba 1962, Sylvia Plath aliketi mbele ya maikrofoni jijini London akasoma mashairi yake zaidi ya kumi. Siku tatu nyuma alikuwa ametimiza miaka 30. Mumewe, mshairi Ted Hughes, alikuwa ameshaondoka nyumbani kwao Devon, na mengi ya mashairi aliyokuja nayo yalikuwa hayajamaliza hata mwezi tangu yatungwe, alfajiri, kabla watoto wake wawili hawajaamka. Aliyekuwa naye studio ni Peter Orr wa British Council, katika kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Harvard. Tarehe 11 Februari 1963 Plath alijiua. Ariel, kitabu chenye mengi ya mashairi hayo, kilitoka 1965. Kwa hiyo sauti ilitangulia maandishi kwa zaidi ya miaka miwili.

Ukiisikiliza kanda hiyo, jambo la kwanza linalokushtua ni kwamba msomaji halii. Anayejua alivyokufa hutarajia unyonge, lakini anakutana na sauti nzito na kavu ya mwanamke wa Massachusetts ambaye kukaa Uingereza kumeanza kumgeuza matamshi, na kila konsonanti anaigonga kama msumari. Shairi la “Daddy” watu wengi hulisoma kitabuni kama kilio. Yeye analisoma kwa kejeli, na kuna mahali unahisi amebakiza kidogo acheke. “Lady Lazarus” kwenye kanda ina mistari ambayo kitabuni haimo, aliiacha baadaye. Basi tunayo mashairi mawili yenye jina moja, na yote mawili ni yake kwa haki kamili.

Alikuwa amewahi kurekodiwa kabla ya hapo. Mwaka 1958, huko Massachusetts, Lee Anderson, aliyekuwa akikusanya sauti za washairi, alimnasa akisoma mashairi yake ya awali. Pale anasikika kama mwanafunzi hodari anayesoma kwa adabu. Kati ya kanda hizo mbili imepita miaka minne tu, lakini usipoambiwa unaweza kudhani ni watu wawili.

Siku ileile ya Oktoba, katika mazungumzo na Orr, Plath alieleza tofauti hiyo mwenyewe. Mashairi ya kitabu chake cha kwanza, The Colossus, cha mwaka 1960, alisema hawezi tena kuyasoma kwa sauti, kwa kuwa hakuyatunga kwa ajili ya kusemwa. Haya mapya anayatamka huku akiyaandika. Akaongeza kwamba anafurahia sana kuona washairi wanatolewa kwenye santuri, maana mshairi anarudishiwa kazi yake ya zamani ya kusema na watu. Orr akamdokeza: au kuwaimbia? Akakubali papo hapo.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, karibu miaka 20 kabla ya Edison kuunda fonografu, na watu hawakusubiri mashine ili wausikie. Ila kwetu mtunzi na mghani mara nyingi ni watu wawili: mwenye sauti nzuri hukabidhiwa shairi la mwenzake. Hata Siti binti Saad aliposafirishwa kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, walionunua santuri zile walinunua koo lake. Kilichokuja na washairi wa Kizungu ni kitu kingine: kumtaka mtunzi mwenyewe, hata kama hana sauti.

Na wengine hawakuwa nayo. Mwaka 1889, kwenye karamu jijini London, Robert Browning alianza kusoma shairi lake mbele ya mashine ya Edison, akasahau mistari, akaomba radhi, akamalizia kwa kupaza jina lake. Mwaka uliofuata mzee Tennyson alijaza mitungi ya nta kwa sauti inayosikika leo kama inatoka ndani ya upepo. Edith Sitwell alikuja kivingine. Mwaka 1923 aliyasoma mashairi ya Façade akiwa nyuma ya pazia, kwa kipaza sauti cha mkono, muziki wa William Walton ukipigwa. Mwaka 1929 alirekodi sehemu yake kwa kampuni ya Decca.

Santuri za zamani zilibeba dakika tatu hadi tano kila upande, na mshairi huwezi kumkatakata hivyo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, yenye nafasi ya zaidi ya dakika 20 kila upande. Waliong'amua thamani yake kwa ushairi ni wasichana wawili wa New York wenye umri wa miaka 22, Barbara Cohen na Marianne Roney, waliokuwa wametoka chuoni si zamani. Walitaka kumrekodi Dylan Thomas, wakamwandikia barua wakiweka herufi za kwanza za majina yao tu, asije akawadhania ni mashabiki wa kike wanaomfukuzia. Walimlipa dola 500 za kutangulia. Tarehe 22 Februari 1952, katika jengo la Steinway Hall, alisoma mashairi matano, kisha ikaonekana upande wa pili hauna kitu. Akakumbuka kisa chake kuhusu Krismasi ya utotoni huko Wales. Kijazio hicho ndicho kilichouza santuri, na kampuni yao, Caedmon, ikasimama. Ndiyo iliyokuja kuwatoa Marianne Moore, Gwendolyn Brooks, Anne Sexton na, katika miaka ya 1970, Plath mwenyewe.

Inanifurahisha kwamba biashara hii ilianzishwa na wanawake walioona ni lazima wafiche uanawake wao ili wajibiwe barua.

Maktaba nazo zilikuwa zikikusanya. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianzisha hifadhi yake ya sauti za washairi mwaka 1943, lakini kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ulipaswa kuifuata Washington. Mambo yalifunguka mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipoanzisha hifadhi ya mtandaoni ya PennSound na Uingereza ikapata Poetry Archive, iliyoasisiwa na Andrew Motion pamoja na Richard Carrington. Mwaka 2015 Maktaba ya Bunge nayo ikaanza kumwaga kanda zake kwenye intaneti.

PennSound wanapenda kila shairi liwe na faili lake, mtu achukue moja na kuondoka. Ni rahisi, na walimu wanashukuru. Lakini utaratibu huo unapoenea, usomaji wa Plath huzunguka vipande vipande: “Daddy” peke yake, “Lady Lazarus” peke yake, na mazungumzo na Orr yamewekwa kwingine. Mtu akiniuliza aanzie wapi, nitampa kwanza mazungumzo, mashairi baadaye.