Manjano na uzee wenye afya

Manjano (Curcuma longa) ni kiungo cha jamii ya tangawizi. Huuzwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kikiwa kibichi au unga, na hutiwa kwenye mchuzi wa samaki wa soko la Feri. Rangi yake hutokana na kurkumini, ambayo katika majaribio ya maabara hupunguza mchochota, hali inayochangia maradhi ya uzeeni ikidumu mwilini. Wapo wanaodai kwamba basi unga huo huzuia uzee. Hoja hiyo haisimami: utumbo hufyonza kurkumini kidogo sana, na ingawa piperini ya pilipili manga huongeza ufyonzwaji, vidonge vya kurkumini vya dozi kubwa vimewahi kudhuru ini. Manjano hufaa yakiwa sehemu ya mlo wa mboga, kunde na samaki. Hayachukui nafasi ya dawa za hospitali.