Kueua Mji

Mwaka 2020, sanitaiza ilipoanza kusimama kila mlangoni, magazeti ya Kiswahili hapa Kenya yaliipa jina: kieuzi. Jina lenyewe lina wazee wake. Kueua ni kumtoa mtu najisi au mkosi, kazi ya mganga na maji yake ya majani. Kwa hiyo ile chupa ya spiriti ilipewa kazi mbili kwa jina moja: kuua viini, na kumwondolea mtu mkosi. Mombasa tumezichanganya kazi hizo mbili kitambo sana.

Anza na chokaa. Nyumba kongwe za Mji wa Kale, Ndia Kuu hadi Kibokoni, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo na kuyazima kwa maji. Chokaa mbichi ni kali. Inababua ngozi na inaua viini vingi. Lakini ikishakaa ukutani huvuta kaboni iliyo hewani na kurudi kuwa jiwe. Weupe unabaki, dawa imeondoka.

Udi nao hufukuza harufu, na zamani, huku pwani na Ulaya pia, wengi waliamini maradhi huja na hewa inayonuka. Hata Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna, alianzia puani. Mwaka 1847 aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha, kwa sababu klorini iliondoa harufu ya maiti waliokuwa wakiwapasua. Vifo vya wazazi vikashuka sana, ila wakubwa wengi wakampuuza. Miaka 20 baadaye, Joseph Lister alichapisha habari za asidi ya kaboliki aliyotumia kwenye vidonda, na elimu ya viini ikaanza kushika.

Elimu hiyo ilifika kwetu imepanda jahazi moja na ukoloni, na ndani yake mkawa na swali jingine: nani mchafu? Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, mji uliozaliwa na reli iliyoanzia Mombasa. Wakuu wa mji wakaliteketeza soko la Wahindi. Moto ulikuwa kieuzi chao. Ilhali tangu 1898 Paul-Louis Simond alikuwa ameshaeleza kwamba tauni hupitishwa na viroboto wa panya. Kiroboto haulizi kabila. Aliyewasha kibiriti aliuliza.

Sasa rudi 2020. Vichochoro vya Mji wa Kale vilipuliziwa dawa. Kivukoni Likoni, abiria walipitishwa kwenye vibanda vya kunyunyizia. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ikatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Idd ikawakuta watu wamefungiwa.

Siku chache baadaye, Shirika la Afya Duniani likasema wazi: kupulizia barabara hakusaidii, na kumpulizia mtu dawa ni hatari, kusifanywe kabisa. Sababu si ngumu. Klorini hutumika ikaisha inapokutana na vumbi na taka, na hata pale inapofaa inahitaji muda kugusana na kiini. Barabara ni vumbi tupu. Basi ile pampu ilikuwa ikifanya nini? Ilikuwa inaeua. Ilituliza roho za waliotazama kwenye runinga, na papo hapo ikawaonyesha kidole wakazi: ugonjwa uko huku.

Haina maana kwamba dawa hizi ni bure. Zinafanya kazi ukizipa kazi yake. Osha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huikinga viini. Kisha chukua sehemu 1 ya dawa ya klorini ya 5% kwa sehemu 49 za maji, upate 0.1%. Soma kibandiko, maana chupa hazilingani nguvu. Pangusa kitasa, meza, swichi, uache dakika moja au zaidi ndipo ukaushe. Usichanganye na asidi ya choo hata kidogo, gesi yake inaua.

Ila angalia neno la kwanza pale: osha. Kuosha kunataka maji, na kisiwa hiki sehemu kubwa ya maji yake hutoka bara, mengine chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200. Bomba likikauka, mtu ananunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni, na hapo kila tone lina bei. Kumwambia mtu huyo anawe mikono mara kumi kwa siku, kisha umpulizie dawa mlangoni kwake, ni kumtibu kana kwamba yeye ndiye kiini.

Siku nyingine pampu zikiingia mtaani, uliza swali moja kabla ya kupiga picha: bomba linatoa maji?