Ubongo haukiri

Kukiri ni kazi ya ulimi. Hakimu anasoma shtaka, mshtakiwa anakiri au anakana. Hata akinyamaza, kimya hicho ni chake. Ndiyo maana sipendi kusikia eti kipimo kimeonyesha "ubongo umekiri".

Mwaka 2008, mjini Pune, India, mahakama ilipokea kipimo cha mawimbi ya ubongo katika kesi ya mauaji. Mtuhumiwa huvishwa kofia yenye elektrodi, akafumba macho, akasomewa sentensi kana kwamba ni yeye anayesema: nilinunua sumu, nilikwenda kwake. Hajibu lolote, mashine ndiyo inayochora. Sasa hapo nani kakiri? Kama kitenzi kinahitajika, basi ubongo umeitika tu, na mtu huitika hata jina aliloitwa mwenzake. Anaweza kuwa anakumbuka habari aliyoisoma gazetini.

Mwaka 2010, katika kesi ya Selvi dhidi ya Jimbo la Karnataka, Mahakama ya Juu ya India ilikataa kipimo cha ubongo, mashine ya kupima uongo na dawa ya kumlegeza mtu aseme, iwapo hakuridhia. Ilisema kumlazimisha ni sawa na kumfanya atoe ushahidi dhidi ya nafsi yake, jambo ambalo Ibara ya 20(3) ya Katiba yao inalikataza. Na hata akiridhia, majibu ya kipimo peke yake si ushahidi. Lakini kitu kilichopatikana kwa kuyafuata, tuseme kisu kilichofukiwa, kinaweza kupokelewa mahakamani.