Mzozo wa Mwisho wa Hadithi ya Nyamgondho katika Nchi ya Gwassi

Watazamaji wa michezo ya mizuka katika televisheni, ambao hubishana miezi mingi juu ya sehemu ya mwisho na juu ya nani alistahili kuangamia, hudhaniwa kuwa ni zao la zama hizi. Hadhira ya fasihi simulizi ilikuwa na tabia hiyo hiyo zamani, kabla Kenya haijapata televisheni mwaka 1962. Makala haya yanakusudia kuitazama hadhira moja ya namna hiyo, nayo ni ya Kisegi na vijiji vingine vya nchi ya Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini na ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Kisakale kinachohusika ni kile cha Nyamgondho mwana wa Ombare.

Kisa chenyewe kinajulikana sana, kwa hiyo tutakieleza kwa ufupi. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara wa Nyandiwa. Siku moja wavu wake ulileta kizee wa kike badala ya samaki. Kizee akaomba apelekwe nyumbani, naye akapelekwa. Na tangu hapo zizi likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Utajiri ulimlevya Nyamgondho kama pombe ilivyomlevya. Usiku mmoja alirudi kutoka kilabuni, akamtukana mkewe na kumkumbusha kuwa alimwopoa majini. Mwanamke akaondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Mume akawakimbilia bila ya kuwafikia, akasimama ufukoni akiegemea fimbo yake, na papo hapo akageuka mti. Wenyeji wa Nyandiwa huonyesha mahali hapo hata leo, pamoja na miamba ambayo alama zake husemwa kuwa ni kwato za ng'ombe wale.

Katika mila za Wajaluo hadithi za namna hii zilitambwa usiku, hasa katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi mzee walimolala wasichana. Mtambaji alipomaliza alitamka fomula ya kufungia, *thu tinda*, akijiombea akue arefuke kama mti wa kwa mjomba wake. Wachunguzi wengi wameichukua fomula hiyo kuwa ndiyo kikomo cha hadithi. Sisi tunaona kuwa inafunga usemi wa fanani tu, na kuipa hadhira ruhusa ya kusema. (Si jambo la kupuuzwa kwamba fanani anaomba kuwa mti mara tu baada ya kumwadhibu mtu kwa kumfanya mti. Hatudhani kuwa wasichana wa siwindhe walikosa kuligundua hilo.)

Ubishi unahusu nini hasa? Jibu la darasani ni kiburi: Nyamgondho alijivuna, akaanguka. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimtoshi mtu aliyelelewa katika jamii ya mahari. Kwa sheria ya Wajaluo, ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa wazazi wa mke. Ndoa ikivunjika, huja swali la ng'ombe wangapi warudishwe, na watoto waliozaliwa hutiwa katika hesabu. Katika hadithi hii mambo yamepinduliwa. Mwanamke hana baba wala kaka, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetolewa kwa ajili yake. Tena ng'ombe wenyewe walikuja pamoja naye. Je, alikuwa mke? Kama alikuwa mke, kwa mahari ipi? Na kama hakuwa mke, Nyamgondho alikuwa na haki gani ya kumkimbilia?

Tukilisoma tusi la mlevi kwa mwanga huo, tutaona kuwa ndani yake mna dai la kisheria. Miongoni mwa wavuvi, aliyevua ndiye mwenye samaki. Kumwambia mke "nilikuopoa ziwani" ni kumtoa katika sheria ya ndoa na kumtia katika sheria ya uvuvi, awe mali ya wavu. Naye mwanamke anamjibu kwa sheria ile ile: kilichotoka majini kinarudi majini, pamoja na vyote vilivyokuja nacho. Hapa wasikilizaji hugawanyika. Anayemtetea mume hana budi kueleza kwa nini hakulipa kitu. Anayemtetea mke hana budi kueleza kwa nini neno moja la ulevi liteketeze boma zima, na watoto wa jirani waliokunywa maziwa yale wamekosa nini. Kwa maoni yetu upande wa mke una nguvu zaidi, lakini swali la maziwa hatujaona likijibiwa vizuri.

Mzozo huu una uzito wa pekee huko Gwassi. Wagwassi wamehesabiwa miongoni mwa Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wa wahenga wao walitoka upande wa Uganda, na baadhi yao walivuka ziwa. Henry Ayot aliieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1979. Kwa kuoana na kuishi pamoja na Wajaluo, wengi wao waliiacha lugha ya Kisuba wakashika Kijaluo, na hadithi hii sasa husimuliwa kwa Kijaluo. Basi watu ambao wazee wao walifika kwa njia ya maji wanabishana juu ya mgeni aliyetoka majini: alikuwa wa nani, na alidaiwa nini na waliompokea? Hatusemi kuwa kisakale kilitungwa kwa ajili ya swali hilo. Tunasema tu kwamba swali hilo halingeweza kuwa la mchezo katika nchi hiyo.

Mwaka 1968 Henry Owuor Anyumba, Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwemo, iwekwe katikati ya mafunzo. Dai hilo lilizaa matunda: mwaka 1974 kilitoka *Keep My Words* cha Onyango-Ogutu na Roscoe, mwaka 1980 *Thu Tinda* cha Asenath Bole Odaga, na baadaye fasihi simulizi ikaingia katika mitihani ya shule za sekondari. Hasara yake haikutajwa sana. Mkusanyaji alizima kinasa sauti mara fanani alipotamka fomula, na mtihani ukataka funzo moja lenye alama zake. Kwa hiyo tunazo nakala nyingi za maneno ya fanani, na karibu hatuna nakala ya maneno ya waliombishia. Katika matoleo mengi yaliyochapishwa mume ana jina lake na la baba yake, na mti wake unajulikana ulipo. Mwanamke ameandikwa "kizee" tu, na mahali alipozama hapakutajwa.