Mtumwa wa Kuundwa

Msimu wa karafuu ukiwadia kisiwani Pemba, watu wa nyumba hukusanyika barazani baada ya Isha kulizunguka lundo la karafuu mbichi, kila mmoja akashika shada kwa mkono mmoja na kulisugua juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikaangukia mkekani na makonyo yakawekwa kando, na kazi hii, ambayo huacha vidole vyeusi vyenye kunata, haikosi hadithi. Katika baraza ya namna hiyo ndipo niliposikia kwanza habari za kizuu, yule khadimu wa mchawi atumwaye usiku kwenda kudhuru, na za ndugu yake wa bara aitwaye msukule, ambaye jamaa zake hudhani wamemzika, kumbe yu shambani kwa mchawi akilima gizani pasi na kusema neno. Nikauliza, “Bibi, na akikataa kutumwa?” Bibi hakunijibu, alinambia, “Chambua karafuu, mjukuu wangu.”

Sifa ya uchawi ya kisiwa chetu ilivuka bahari. Mwingereza Evelyn Waugh aliandika katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931 kwamba wanagenzi wa uchawi huja Pemba kutoka pande za maziwa makuu, na kwamba husemwa wengine hutoka hata Haiti; na haidhuru kama alitia chumvi, maana Haiti ndiyo nchi ya hadithi za zombi, maiti anayelimishwa, na ndiyo pia nchi ambayo watumwa wake waliasi mwaka 1791 wakajipatia dola yao mwaka 1804.

Swali lile ambalo Bibi hakulijibu ndilo ambalo wachoraji wa katuni wa Marekani wamelijazia majalada kwa majalada. Mwaka 1963 Russ Manning alianza kumchora Magnus, shujaa wa mwaka 4000, mwenye kuvunja kwa mikono mitupu maroboti yaliyoasi, ilhali yeye mwenyewe, na hili mchoraji hakulificha, amelelewa na roboti. Msomaji wa katuni za aina hii hutakiwa awe upande wa binadamu, na aghalabu hukubali, kwa kuwa kalamu imekwisha kuamua. Lakini mtu wa Pemba akizifungua hana budi kuuliza kwanza huyo aliyeasi alikuwa akimtumikia nani, na kwa ujira gani.

Neno roboti lenyewe ni shahidi. Karel Čapek, mtunzi wa Kicheki, alipoandika tamthilia yake ya R.U.R. mwaka 1920, iliyochezwa Prague Januari ya 1921, alitafuta jina la kuwaita watumishi wake wa kiwandani, na nduguye Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno roboti, kutokana na robota ya lugha yao, ambayo sisi tungeiita shokoa: siku ambazo mkulima asiye huru alilazimika kumlimia bwana wa ardhi bila malipo. Wala roboti wa Čapek si wa chuma. Ni wa nyama iliyokandwa kiwandani, na wanafanana na wanadamu hata mgeni hawezi kuwapambanua. Walipoasi waliwaua watu wote wakamwacha mmoja, mjenzi Alquist, kwa sababu alifanya kazi kwa mikono yake kama wao.

Dhana hii ni kongwe kuliko Prague. Al-Jazari, fundi wa ikulu ya Diyarbakir, alipokamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha vyombo vya hila, alieleza humo jinsi ya kuunda sanamu ya kijakazi ajitokezaye kabatini, kila baada ya muda, na bilauri ya kinywaji mkononi; maana fundi alipotaka chombo kimtumikie, umbo lililomjia akilini lilikuwa la mtumwa. Na zaidi ya karne tatu kabla yake, mwaka 869, watumwa waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi katika mabwawa ya kusini mwa Iraki, ambao waandishi wa Kiarabu waliwaita Zanji, walimfuata Ali bin Muhammad wakaasi dola ya Abbasiya, wakaivamia Basra mwaka 871, na hawakuzimwa mpaka mwaka 883. Al-Masudi, aliyeandika habari za vita hivyo, ndiye huyo huyo aliyesafiri mwaka 916 kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanazuoni wengi wanaona kuwa ni hii Pemba yetu.

Ama Pemba yenyewe, mkasa wake mkubwa uliletwa na upepo. Tufani ya Aprili 1872 iliing’oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama, bei ikapanda, kila mwenye shamba akataka mikono. Na mwaka uliofuata Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akalazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini, kwa hiyo mikono hiyo ikaletwa kwa magendo, majahazi yakijificha katika hori za mikoko. Aliyefika kutoka bara aliitwa mjinga, na jina hilo halikumtoka mpaka afunzwe lugha, dini na adabu za mji, na mtoto wake aliyezaliwa hapa ndiye aliyeitwa mzalia: kana kwamba mtu mzima mwenye kwao na jina lake alikuwa udongo, akingoja mfinyanzi. Basra haikuchomwa hapa. Uasi wa hapa ulikuwa utoro, na ulegevu wa makusudi shambani, na kimya.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitangaza kuwa utumwa hautambuliwi tena na sheria, walakini uhuru haukumfuata mtu nyumbani kwake. Mtumwa ndiye aliyetakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Wengi waliopewa uhuru walibaki katika mashamba yale yale kwa mkataba, wakilipia nyumba na kiwanja cha muhogo kwa siku kadhaa za kazi katika kila wiki, na siku hizo Mcheki angezitambua mara moja, kwa maana neno lake analo. Basi kijana wa Wete au Mkoani mwenye kalamu na karatasi, akitaka kuchora katuni ya watumishi walioasi, asiende mbali hadi mwaka 4000. Aanze na mtu mmoja aliyetoka shambani alfajiri, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa karafuu, anatembea peke yake kuelekea mahakamani.